Kibao Kinachokwisha

Kwenye ufuo wa Nyandiwa, upande wa Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, wageni huonyeshwa mawe yenye vishimo na kuambiwa kwamba hizo ni kwato za ng'ombe wa Nyamgondho wuod Ombare. Masimulizi yenyewe yanajulikana pande zote za ziwa. Mvuvi fukara anavua bibi kizee badala ya samaki, anataka kumtupa majini, kizee anamsihi ampeleke nyumbani, na tangu siku hiyo boma linajaa mifugo. Nyamgondho anaoa wake wengi, anazoea pombe, na usiku mmoja anarudi amelewa, anakuta watu wamelala, anamtukana hata yule aliyemtajirisha. Kizee anashika njia ya ziwani. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanamfuata mmoja baada ya mwingine hadi maji yanawafunika, na tajiri wa jana anabaki ufuoni ameegemea fimbo yake mpaka anageuka mti. Mjiolojia atasema vishimo vile ni kazi ya mvua na mawimbi juu ya miamba ya volkano ya kale, nami sina ugomvi naye. Linalonivutia ni jinsi watu wa Gwassi walivyolisoma jiwe. Waliona alama zilizobanwa na uzito wa viumbe ambavyo havipo tena, wakazipanga kwa mfuatano kutoka bomani hadi majini, zikawa hadithi. Anayechapa picha kwa kibao cha mbao hufanya lile la kwanza: huacha karatasini alama ya kitu kilichokwisha kuondolewa. Anayechora vibonzo hufanya la pili: huweka alama kando ya alama, na msomaji hutembea katikati.

Kazi hizi mbili zimeishi mbalimbali nchini Kenya. Vibonzo vimekaa magazetini na kwenye vitabu vya bei nafuu, na chapa zimekaa kwenye kuta za majumba ya sanaa ya Nairobi, ambako Peterson Kamwathi na Dennis Muraguri wamezipatia heshima kubwa, huyu wa pili kwa matatu zake zilizochongwa kwenye mbao. Mimi nadhani utengano huo umetugharimu, na umeigharimu zaidi Nyanza ya Kusini, yaani Migori na Homa Bay, kwa sababu ndiko kwenye hadithi zinazohitaji mikono yote miwili. Hoja yangu ni kwamba kibonzo, jinsi tulivyokizoea, kimezifunga hadithi hizi katika sura moja, na kwamba chapa za majaribio ndizo zinazoweza kuzifungua tena, ilimradi mchapaji akubali kuazima mstari wa mchora vibonzo.

Nikisema kibonzo kimefunga, sikidharau. Jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, liliwafundisha Wakenya kujicheka kwa kalamu ya wino. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo kadhaa, na wasomaji wa Taifa Leo walimjua kama jirani. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulichukua ngano za makabila mbalimbali, Lwanda Magere akiwemo, ukazitia kwenye visanduku na viputo vya maneno, na watoto wengi waliokulia mbali na moto wa bibi zao walizipata humo. Jarida la vibonzo la Shujaaz, tangu 2010, limefanya jambo kama hilo kwa Sheng na kwa vijana wa leo. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini kibonzo kina sheria yake isiyoandikwa, nayo ni kwamba mhusika lazima atambulike. Pua ileile, kofia ileile, mgongo uleule uliopinda, kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho. Bila sheria hiyo msomaji hupotea. Na sheria hiyo hiyo, ukiipeleka kwenye ngano iliyosimuliwa na vinywa elfu, huchagua kinywa kimoja na kuvinyamazisha vingine.

Tazama inavyokuwa kwa Gor Mahia wuod Ogalo, mganga wa Kanyamwa huko Ndhiwa, ambaye klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 ilichukua jina lake. Sifa anayokumbukwa nayo ni kujigeuza: mara mzee, mara kijana, mara mwingine kabisa. Mchora vibonzo atamchoraje mtu ambaye kipaji chake ni kutotambulika? Atalazimika kutumia hila: atampa hirizi au kovu ambalo halibadiliki, ili msomaji ajue kwamba kikongwe wa kisanduku cha tatu ndiye yule kijana wa kisanduku cha pili. Kwa hila hiyo msomaji anajua wanalolijua waganga tu, na hofu yote inamwagika. Askari ambao, kwa masimulizi, walitumwa kumtafuta hawakuwa na kovu la kuwasaidia. Au mchukue Lwanda Magere, shujaa wa uwanda wa Kano kule jirani Kisumu, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Kwa kalamu, kivuli ni kitu unachoongeza mwishoni, doa la wino chini ya miguu. Kwa mbao mambo hugeuka. Palipochongwa hapashiki wino, kwa hiyo hubaki peupe. Pasipoguswa ndipo panapochapa nyeusi. Kivuli cha Magere katika chapa ya mbao ndicho mbao yenyewe, nzima, isiyojeruhiwa, na mwili wake unaong'aa ni tundu lililoachwa na patasi. Hakuna mchoraji anayehitaji kueleza kwa nini mkuki uliokusudiwa kumwua ulirushwa kivulini. Zana imekwisha kusema.

Hapo ndipo neno majaribio linapopata uzito wake, kwa maana si kila chapa itafanya hivyo. Chapa inaweza kuwa ngumu kuliko kibonzo: nakala hamsini zinazofanana kama sarafu, zenye nambari chini kwa penseli na saini upande wa kulia. Desturi hiyo ya kuhesabu nakala ina maana sokoni, ambako uhaba ndio bei, lakini kwa upande wa sanaa inamfanya mchapaji aone aibu pale karatasi mbili zinapotofautiana. Mchapaji wa majaribio anaitafuta tofauti. Kibao kimoja cha Gor Mahia anaweza kukipaka wino mzito kwa karatasi ya kwanza, akakifuta nusu kwa kitambaa kwa ya pili, na kwa ya tatu akalaza kipande cha wavu wa omena juu ya wino kabla ya kuchapa, uso ukatoka umejaa matundu madogo. Mstari wa msingi ni mmoja, ule mstari mnene na mchache wa kibonzo unaobeba umbo hata wino ukiharibika. Sura ni tatu. Wasomaji watatu wataondoka na Gor Mahia watatu, na kila mmoja ataapa kuwa wake ndiye.

Kwa Nyamgondho nadhani njia ni nyingine, na hapa ningependa kukaa kidogo. Wachapaji wana mbinu ya kutoa rangi nyingi kwa kibao kimoja. Msanii huchonga kidogo, hupaka rangi iliyo nyepesi kuliko zote, huchapa karatasi zote atakazozihitaji. Kisha hukirudia kibao kilekile, huchonga tena, huchapa rangi ya pili juu ya karatasi zilezile, na kuendelea hivyo hadi zibaki sehemu chache zinazobeba rangi ya mwisho. Picasso aliipa umaarufu mbinu hii kwa linoliamu alizochonga Vallauris, kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Taabu yake ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Kilichochongwa kimekwenda, na ukigundua kwamba karatasi za hatua ya kwanza hazikutosha, huna la kufanya. Vitabu vya ufundi huitaja taabu hiyo kama onyo. Mimi naiona kuwa ndiyo hadithi ya Nyamgondho yenyewe. Badala ya kulaza hatua zote juu ya karatasi moja, kila hatua ipewe karatasi yake, ikawa ukurasa wake. Ukurasa wa kwanza boma limejaa, pembe kwa pembe. Kisha patasi inamwondoa ng'ombe mmoja, na karatasi ya pili inachapwa. Wanaondoka wawili, watano, mbuzi wote, mpaka kibao kinabaki na mtu na fimbo. Mchora vibonzo akiwa na kalamu anaweza kukirudia kisanduku cha kwanza siku yoyote apendayo. Hasara ya Nyamgondho anaisimulia tu. Mchongaji hawezi. Akimaliza hadithi, boma lililojaa halipo tena duniani ila kwenye nakala alizochapa wakati lilipokuwapo.

Mtu makini ataniuliza hapo: msomaji atajuaje? Yeye hakioni kibao, anaona kurasa, na kurasa kama hizo zingeweza kuchorwa kwa wino mezani bila mbao yoyote kuumia. Swali ni zuri na jibu lake liko kwenye karatasi yenyewe. Mkwaruzo uliokuwa kwenye mbao siku ya kwanza utaonekana kwenye kila ukurasa, mahali palepale, hadi wa mwisho. Mishipa ya mti itaonekana. Zaidi ya hayo, patasi haisafishi kabisa: pale ng'ombe alipochongwa hubaki matuta membamba kati ya mkato na mkato, na matuta hayo hudaka wino kidogo. Wachapaji nadhifu huyaondoa kwa bidii. Yakiachwa, kila mnyama aliyeondoka huacha mistari hafifu yenye umbo lake, na kufikia ukurasa wa mwisho weupe unaomzunguka Nyamgondho umejaa mizimu ya mifugo. Jicho halihitaji kufundishwa ufundi ili lione kwamba hapo palikuwa na kitu. Watu wa Gwassi waliliona jambo hilo kwenye jiwe bila kufundishwa na yeyote.

Kwamba picha inaweza kuishi kwa kubadilishwa matumizi si wazo nililoliokota Ufaransa. Kisiwani Mfangano, kwenye mapango ya Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo watafiti huihusisha na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya Wasuba. Wachoraji waliondoka na maana yao. Wasuba waliokuja baadaye hawakuifuta michoro hiyo wala hawakujifanya kuwa ndio walioichora. Waliiingiza kwenye maombi ya mvua, na duara zikaanza maisha mengine. Kule Migori, kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zilijengwa pengine katika karne ya 16 kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kushikanishia, na koo zilizofuatana zikazikalia na kuzikarabati. Sisemi kwamba waliojenga ukuta walikuwa wachapaji. Ninasema tu kwamba anayedai sanaa ya eneo hili lazima iwe na umbo moja lililokamilika, lisiloguswa, hana ushahidi mwingi wa kumsaidia, na waliomtangulia walifanya kinyume.

Pingamizi linalorudiwa zaidi, hata na marafiki, ni kwamba hii ni anasa. Kibonzo kina kazi: kinafundisha, kinauzwa kwa shilingi chache, kinafika Nyatike na Kuria kwa mkoba wa mwalimu. Chapa ya majaribio itafika wapi, na nani atainunua, wakati fundi wa mabango anahangaika kupata kazi ya kuandika jina la duka? Nakubali nusu ya pingamizi hilo. Kitabu cha shule kiendelee kuwa na sura moja inayotambulika. Mtoto anayejifunza kusoma hahitaji Gor Mahia watatu. Ila gharama imetiwa chumvi. Chapa ya mbao haihitaji mtambo. Inahitaji plaiwudi, patasi iliyonolewa, wino, na mgongo wa kijiko cha mbao wa kusugulia karatasi. Anayetaka mistari myembamba ya kukwaruza anaweza kuchukua pakiti ya maziwa, aifungue, achore kwa msumari upande wa ndani wenye utando unaong'aa, apake wino na kuufuta. Hapo ndipo atakapohitaji karatasi yenye unyevu na mgandamizo mkubwa, na wapo duniani wanaoupata kwa kupitisha gurudumu la gari juu ya ubao. Karatasi nayo si lazima itoke mbali. Kisumu kuna mafundi wanaoitengeneza kwa mafunjo na kwa gugumaji, lile gugu lililovamia upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambalo hadi leo huziba gati na kuwafungia wavuvi ufuoni. Ni karatasi nene, yenye nyuzi, inayokunywa wino bila mpango. Mchora vibonzo ataichukia. Mchapaji wa majaribio hapaswi kuomba bora zaidi. (Kuna kejeli kidogo hapa: Macalder, huko Nyatike, ilikuwa machimbo ya shaba hadi miaka ya 1960, na shaba ndiyo bamba alilokwaruzia Rembrandt. Mchoraji wa Nyatike leo atalitafuta bamba lake jaani, na si vibaya.)

Wengine watasema mbinu hizi ni za kigeni. Ni kweli, na haina uzito. Hokusai wa Japani alipotoa juzuu ya kwanza ya Manga yake mwaka 1814, vibao vya mbao vilibeba vichekesho, wapiganaji, samaki na mizimu kwenye kurasa zilezile, na hakuna aliyetenganisha chapa na katuni. Karibu zaidi nasi, Azaria Mbatha, aliyesoma kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, aliigawa linoliamu moja katika safu za visanduku na kuzipitisha humo hadithi za Biblia, na John Muafangejo, aliyefuata njia hiyo hiyo kabla ya kufariki mwaka 1987, aliandika maneno ndani ya picha bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kazi zao hazikuacha kuwa chapa kwa sababu zilisomeka kama vibonzo. Na hapa nyumbani mkono wa kuchonga ili kuonyesha upo tayari. Tabaka, Kaunti ya Kisii, mwendo mfupi kutoka Migori, mafundi hupaka sahani ya jiwe la sabuni rangi nyeusi au nyekundu, kisha huikwaruza kwa ncha ya chuma hadi weupe wa jiwe utokee kama samaki au twiga. Mpe fundi huyo kibao badala ya sahani, atachonga kabla hujamaliza maelezo. Mashua za Mbita, Sori na Muhuru zimepakwa rangi na misemo ubavuni kwa mistari minene ambayo jicho huisoma likiwa mbali, na mstari mnene unaosomeka mbali ndio hasa ambao mbao huupenda. Kundi la Maasai Mbili la Kibera, lililoanzishwa mwaka 2001, lilitoka kwa waandika mabango na halijawahi kuona haya kwa hilo.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la wazee, au la wanaosema kwa niaba yao. Hadithi ya Nyamgondho, wanasema, si mali ya kuchezewa. Ina mahali pake, ina ukoo wake, ina funzo lake, na kijana mwenye patasi atakayechapa matoleo matatu yanayopingana atawaachia wajukuu mkanganyiko. Nalichukua kwa uzito kwa sababu lina ukweli ndani yake: Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, lina masimulizi ya kijiji kilichozama kwa kumnyima mgeni ukarimu, na mtu akiyageuza kuwa utani wa visanduku vinne atakuwa ameyapunguza. Lakini anayelinda toleo moja la hadithi hailindi jinsi ilivyokuwa. Kabla ya kuchapishwa popote, ilisimuliwa kila jioni kwa namna nyingine; huyu alimfanya kizee kuwa na jicho moja, yule alirefusha orodha ya mifugo hadi watoto wakacheka, mwingine aliupita ulevi haraka kwa sababu mumewe alikuwa amekaa karibu. Walichopoteza wazee ilikuwa nafasi ya kusahihishana, na waliipoteza siku kitabu kilipofika kikiwa na sura moja mbele ya wote.

Kwa hiyo ningependa kurasa za Nyamgondho, zilizochapwa kwa kibao kinachokwisha, zisiwekwe kwenye fremu za kioo bali zitawanywe zikiwa pungufu: seti moja ya Nyandiwa ikose ukurasa wa matusi, seti ya Mbita ikose ukurasa wa mti, ya Migori mjini ianze wakati nusu ya ng'ombe wamekwisha kuingia majini, na viputo vya maneno viachwe vitupu katika zote. Fundi wa vitabu ataziita kasoro. Lakini kila atakayezishika atalazimika kuuliza kilichokosekana, na wa kumwuliza ni mtu aliyeisikia hadithi hiyo kwa namna nyingine. Wazee wakianza kubishana ni toleo la wapi lenye ukweli, na mmoja akachukua kalamu akajaza kiputo kwa Kisuba na mwenzake akakijaza kwa Dholuo, chapa itakuwa imekwenda mbali kuliko mchongaji alivyoweza kuipeleka, na kibao chake hakitakuwapo cha kuamua nani ameshinda.